Mama anasema paka ni wa dagaa

Mshauri, assalaam alaykum.

Naandika kutoka Tanga. Nina miaka 36, ni mwalimu wa sekondari na nina watoto wawili. Mume wangu anafanya kazi Dar es Salaam, huja nyumbani mara moja kwa mwezi. Baba alipofariki miaka miwili iliyopita nilimchukua mama yangu kutoka Pangani akae nasi. Alikuja na sanduku lake, cherehani yake na paka wake dume wa rangi ya chungwa, tunamwita Tangawizi. Kule Pangani nyumba ilikuwa na uwanja mkubwa na ghala la nazi nyuma, paka akiingia na kutoka apendavyo. Hapa tumepanga karibu na barabara kuu, kwa hiyo tulimpeleka akahasiwa, na tangu hapo hatoki ndani.

Mama ndiye anayemlisha. Kila siku baada ya magharibi huvuta kigoda jikoni, anachambua dagaa mmoja mmoja, anawachemsha kidogo na kuwachanganya na ugali uliobaki mchana. Asubuhi humpa maziwa. Tukipika samaki, anapata mchuzi.

Mwezi uliopita Tangawizi alianza kwenda kwenye beseni lake la mchanga kila dakika chache. Anachuchumaa, hatoi kitu, analia. Tukadhani amefunga choo, Mama akamnywesha kijiko cha mafuta ya nazi. Siku ya pili akatapika na kujificha chini ya kitanda. Daktari wa mifugo alisema mrija wa mkojo umeziba. Alimpitishia mpira, akamlaza siku tatu, nikalipa shilingi 180,000. Kwenye mizani alikuwa kilo 5.6, na alipotoka Pangani hakufika kilo 4.5. Daktari akasema dagaa basi, akaniandikia chakula maalumu cha mkojo. Mfuko wa kilo moja na nusu ni shilingi 75,000.

Mama aliposikia bei alinyamaza, kisha akasema: "Paka wangu wote tangu niko msichana wamekula dagaa, na mmoja aliishi miaka kumi na sita. Leo paka ale chakula cha elfu hamsini kwa kilo, wajukuu zangu wale maharage?" Sikuwa na jibu. Nikanunua kimya kimya, nikakimimina kwenye kopo la maziwa ya unga na kumwambia ni elfu ishirini. Binti yangu wa miaka tisa alikuwa nami dukani. Alinitazama tu. Naye Mama anampa dagaa nikiwa shuleni, kwa sababu nakuta vichwa kwenye ndoo ya taka.

Kila mtu ana lake. Mume wangu anasema paka arudishwe Pangani kwa shangazi. Kaka yangu anasema paka ni mnyama wa porini, apewe nyama mbichi tu. Muuza duka anasema kuna chakula cha kupimiwa kwenye kiroba, shilingi 9,000 kwa kilo, na kwamba hata cha mbwa ni kilekile. Mimi nataka kujua chakula kipi kina afya kweli, na nitamwambiaje mama yangu bila kumvunja moyo. Tangu baba aondoke, huyo paka ndiye anayelala miguuni pake.

Binti wa Pangani, Tanga

JIBU

Waalaykum salaam, dada. Poleni kwa siku zile tatu.

Nikikuelewa vizuri, umeshika mambo mawili kwa mkono mmoja: paka aliyenusurika kufa kwa kuziba mkojo, na mama ambaye saa yake ya kumlisha imepigwa marufuku kwa neno moja la daktari. Mambo haya yamekutana kwenye sahani ile ile, basi nianze na sahani yenyewe.

Neno la mama yako kuhusu paka wa miaka kumi na sita silipingi. Ila tazama ulichoandika mwenyewe kwa kupita tu: ghala la nazi, na paka anayeingia na kutoka. Penye nazi pana panya. Panya mmoja ni takriban asilimia 70 maji. Ana moyo wenye taurini, kirutubishi cha nyama ambacho mwili wa paka haujitengenezei cha kumtosha, ana ini lenye vitamini A, ana mifupa midogo yenye kalsiamu, na vyote hivyo vinampa paka kilokalori 30 hivi. Ongeza mijusi na panzi. Paka wa Pangani hawakuishi kwa dagaa na ugali. Waliishi kwa mawindo, na sahani ya Mama ilikuwa nyongeza ya jioni. Tangawizi alipofungiwa ndani, nyongeza ikawa chakula chote. Na alipohasiwa, mwili wake ulianza kuhitaji nguvu pungufu, kwa kawaida kati ya robo na theluthi, huku sahani ikibaki ile ile. Kilo ile ya ziada imetoka hapo.

Kwa hiyo nisingependa tuseme dagaa ni sumu. Dagaa wana protini nyingi, wana taurini, na huliwa wazima pamoja na mifupa, jambo ambalo steki haina. Matatizo yao ni mengine. La kwanza ni ukavu. Paka ana asili ya jangwani, hana kiu kali, na amezoea kupata maji ndani ya mawindo. Paka wa kilo tano anahitaji kama mililita 250 za maji kwa siku, kwa kula na kunywa kwa pamoja. Asipoyapata, mkojo unakuwa mzito na madini yaliyomo yanagandamana. La pili ni madini yenyewe: mifupa ya dagaa imejaa fosforasi, magnesiamu na kalsiamu, na dagaa wengi wa pwani huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. La tatu ni ugali, unaoshibisha bila kumpa chochote kati ya vile ambavyo mwili wa paka hauwezi kujitengenezea. Maziwa ya asubuhi nayo paka wengi wakubwa hawayawezi, huishia kuharisha. Mchuzi ndio ningeuondoa leo hii, kwa sababu ya vitunguu. Kitunguu maji, kibichi au kilichopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya paka, na kiasi cha gramu 5 kwa kila kilo ya uzito wake chatosha kumdhuru. Kwa Tangawizi hiyo ni kama robo ya kitunguu. Kitunguu saumu ni kikali zaidi.

Sasa niulize jambo ambalo barua yako haikusema: daktari aliona nini kwenye mkojo? Umeandika "umeziba", lakini vizibo haviko sawa. Kuna fuwele, yaani chembe za madini yaliyoganda, za aina ya struviti, zinazoota kwenye mkojo mzito usio na asidi ya kutosha, na hizo chakula maalumu huweza kuziyeyusha, mara nyingi ndani ya wiki chache. Kuna za oksaleti ya kalsiamu, ambazo hakuna chakula kinachoziyeyusha. Na kuna paka wengi, hasa madume wanene wa ndani, wanaoziba kwa ute na uvimbe wa kibofu bila jiwe lolote, na kuhamishwa nyumba au ugomvi wa nyumbani huchangia. Jibu la swali hilo ndilo litakaloonyesha kama mfuko wa elfu 75 ni dawa ya lazima, ni ya muda, au si yenyewe kabisa. Mpigie daktari umuulize mambo matatu: ni fuwele gani, chakula hiki ni cha muda gani, na mkojo utapimwa tena lini.

Kama ni struviti, ningekuomba uangalie upya mpango huu wa kimya kimya. Chakula cha mkojo hufanya kazi kwa sababu madini yake yamepunguzwa na kiwango cha asidi kwenye mkojo kimerekebishwa. Dagaa wa saa nne asubuhi wanavirudisha vyote. Unalipa elfu 50 kwa kilo, na dawa inafutwa ukiwa darasani. Wala mfuko huo haumalizi shida ya maji, maana chakula kikavu, cha bei yoyote, kina maji asilimia 8 hadi 10 tu.

Kipimo nacho kina maana. Tangawizi alenge kilo 4.8 hivi, na kwa uzito huo kama kilokalori 200 kwa siku zinatosha. Mfuko ukiandika kilokalori 370 kwa gramu 100, anahitaji gramu 54, zipimwe kwa mizani ya jikoni, zigawiwe mara tatu. Kikombe kinadanganya. Kila mlo uloweke kwa maji ya uvuguvugu, kijiko kikubwa kimoja na nusu cha maji kwa kila gramu 18, subiri dakika kumi. Asichomaliza ndani ya saa moja kitupwe, kwa joto la Tanga kinachacha. Weka maji sehemu tatu za nyumba, kwenye bakuli pana, mbali na beseni la mchanga, yabadilishwe kila siku. Mpunguze uzito polepole, gramu 25 hadi 50 kwa wiki.

Kwa gramu 54 kwa siku, mwezi ni kilo 1.6 na kidogo. Kwa bei uliyoandika, chakula cha mkojo kitakugharimu kama 82,000 kwa mwezi. Hizo si hela ndogo kwa mshahara wa ualimu, na swali la Mama kuhusu maharage lina haki yake.

Njia ya pili ni kutumia cha mkojo kwa muda daktari atakaosema, mkojo ukipimwa ukawa safi uhamie chakula cha kawaida cha paka wakubwa waliohasiwa, kwa idhini yake. Hatari yake ni kuziba tena, kwa hiyo upimaji wa mkojo usirukwe. Ukichagua cha kawaida, geuza mfuko usome nyuma. Tafuta maneno yanayosema ni lishe kamili na yenye uwiano kwa paka wakubwa. Kikiandikwa kuwa ni cha nyongeza, hakimtoshi peke yake hata kama picha ya mbele inavutia. Kiungo cha kwanza kiwe nyama, kuku au samaki, maana viungo huorodheshwa kwa uzito. Kiwango cha chini cha protini kinachotumika Marekani kwa paka mkubwa ni asilimia 26 baada ya kuondoa maji, na kwa paka huyu ningependa izidi hapo. Ukilinganisha na cha kopo, kumbuka kuondoa maji kwanza: kopo lenye protini asilimia 10 na maji asilimia 80 lina protini asilimia 50 ya kilicho kikavu. Kopo, ukiweza hata moja kwa siku, ndilo linaloleta maji mengi kuliko kitu kingine chochote.

Cha kupimiwa kwenye kiroba ningekiacha. Hakina lebo, hujui tarehe yake, na mafuta ya kiroba kilichoachwa wazi kwenye unyevu wa pwani huchacha, kisha ukungu hufuata. Cha mbwa nacho hakijatiwa taurini ya kumtosha paka. Upungufu huo hauonekani wiki hii, huonekana baada ya miezi, kwa macho kupofuka na moyo kutanuka. Mwaka 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kwamba taurini pungufu ndiyo iliyokuwa ikiangusha mioyo ya paka, wakiwemo waliolishwa vyakula vya viwandani vya wakati huo. Viwanda vikaongeza taurini baada ya hapo. Kwa hiyo wewe una haki ya kukagua mfuko, na Mama ana haki ya kuutilia shaka.

Kaka yako amesema kweli kwamba paka ni mla nyama. Ila panya huliwa na mifupa yake na ini lake, na steki haina kalsiamu ya maana. Paka anayekula minofu pekee, mwili wake hukwangua kalsiamu kwenye mifupa yake mwenyewe. Nyama mbichi ya sokoni inaweza kuwa na vijidudu kama salmonela na toksoplasma, na nyumba yenu ina mzee na watoto wanaoshika bakuli hilo.

Nyama ya kupikwa nyumbani inawezekana, na nitakupa vipimo ujue uzito wa kazi yenyewe. Kilo moja ya mapaja ya kuku yasiyo na mfupa, gramu 100 za mioyo ya kuku, gramu 40 za maini na si zaidi, kwa kuwa maini mengi kila siku hujaza vitamini A hadi mifupa ya shingo ikashikana. Kijiko kimoja cha chai, kilichosawazishwa, cha maganda ya mayai yaliyooshwa, kukaushwa na kusagwa yakawa unga laini. Hakuna chumvi, hakuna vitunguu. Supu yake isimwagwe, kwa sababu taurini huhamia kwenye maji. Hata hivyo bado kitapungukiwa na vitamini E, iodini, zinki na thiamini, na taurini yenyewe huenda isitoshe. Kama chakula cha siku zote kinahitaji virutubisho vya kuongeza na daktari wa kukisimamia, hasa kwa paka aliyeziba. Kama kionjo kisichozidi sehemu moja ya kumi ya mlo wake, hakina neno.

Kumrudisha Pangani kunampa tena panya na uwanja. Lakini nani atamwona asubuhi akichuchumaa bila kutoa kitu? Dume aliyeziba mara moja anaweza kuziba tena, na akiziba kabisa ana siku moja au mbili tu. Popote atakapokaa, anayemlisha ajue dalili hizi: kwenda mchangani mara kwa mara na kutoa matone au kutotoa kabisa, kulamba sehemu zake, kulia, kutapika. Hufanana sana na kufunga choo, ndiyo maana watu wengi hukosea kama mlivyokosea ninyi. Apelekwe siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Msimminye tumbo, wala msimpe Panadol, kidonge kimoja chaweza kumuua paka.

Sasa Mama. Umeuliza utamwambiaje bila kumvunja moyo, lakini najiuliza kama moyo wake umeumizwa na dagaa au na kuona sahani imehamishwa mkononi mwake bila kuulizwa. Kuchambua dagaa mmoja mmoja baada ya magharibi ni kazi ya mapenzi. Chakula maalumu kilipoingia, kilikuja ndani ya kopo lisilo lake, kwa bei isiyo ya kweli. Sikulaumu, nadhani ulitaka kuepusha kelele. Ila siri ziko mbili nyumbani, yako na yake, na Tangawizi ndiye anayezilipia. Binti yako naye ameiona moja.

Unaweza kumwambia bei ya kweli na kumwonyesha hesabu: elfu 82 kwa mwezi kwa muda maalumu, huenda ikashuka hadi elfu 25 kwa chakula cha kawaida kama kinauzwa elfu 15 kwa kilo, na upande wa pili elfu 180 za siku tatu zile. Huenda akakasirika zaidi mwanzoni. Unaweza kumwomba aende nawe siku ya kupima mkojo, aoneshwe na daktari mwenyewe. Wazee wengine hulipenda jambo hilo, wengine huona wameitwa kusomewa mashtaka, wewe unamjua. Unaweza pia kuendelea na kopo la maziwa ya unga, ila huko utahitaji kumlinda paka dhidi ya mtu anayempenda kuliko wote.

Na saa ya magharibi si lazima ife. Apewe yeye mizani na gramu zake 18. Aloweke yeye. Achemshe paja la kuku bila chumvi wala kitunguu, achambue nyuzi za nyama gramu 10 tu, amimine supu vijiko viwili juu, mkiwa mmemuuliza daktari kama hilo linaruhusiwa wakati wa tiba. Supu hiyo ni maji, na maji ndiyo Tangawizi aliyoyakosa kuliko chochote. Mkojo ukishakuwa safi na daktari akiridhia, hata dagaa wanaweza kurudi kama kionjo: gramu 5 wakiwa wakavu, bila vichwa, waloweshwe, wachemshwe na maji yamwagwe. Kubadilisha chakula kuchukue siku 7 hadi 10, robo kwa robo. Akikataa, msimshindishe njaa ili azoee. Paka mnene asipokula siku mbili au tatu, mafuta humjaa kwenye ini, na huo ni ugonjwa mwingine kabisa.

Sijui ni mlango upi utakaokufungukia kwa mama yako. Lakini kabla ya bei na kabla ya daktari, kaa naye jikoni jioni moja umuulize kuhusu yule paka wa miaka kumi na sita: asubuhi, kabla nyumba haijaamka, alikuwa akila nini kule ghalani? Mwache asimulie mpaka mwisho.